Samaki Mdogo, Shauri Refu: Karne Mbili za Kuwapa Majina Samaki Wazaao

Wilhelm Peters alirudi Berlin mwaka 1848 baada ya kukaa miaka kadhaa Msumbiji. Alikuwa amepanda Mto Zambezi hadi Tete, amefika Unguja, Komoro na Bukini, na kila alikopita alijaza chupa zake: popo, nyoka, vyura, samaki. Samaki mmoja aliyempata Quelimane, na kutangazwa mwaka 1844, ni wa kundi lile lile la samaki wa madimbwi ya mvua wanaoonekana Unguja na bonde la Rufiji, ambao mayai yao hustahimili kiangazi ndani ya tope kavu. Miaka 15 baadaye, akiwa sasa ndiye mkuu wa makumbusho ya wanyama ya Berlin, Peters alichapisha maelezo mafupi ya samaki mwingine mdogo. Huyu hakutoka Afrika. Alitoka Mto Guaire, unaopita Caracas nchini Venezuela, na badala ya kutaga mayai alizaa watoto walio hai. Peters akamwita Poecilia reticulata. Leo dunia nzima inamjua kama gapi.

Watu wengi hudhani kutangaza spishi mpya ni sawa na kugundua kisiwa: unafika, unaona, unakipa jina, kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba ni kufungua shauri. Mtafiti anadai kuwa samaki hawa si wale tuliowajua, anaweka ushahidi mezani, na tangu siku hiyo mtu yeyote ana haki ya kukata rufaa, hata baada ya miaka 100. Kundi la samaki wadogo wa maji baridi wanaozaa, familia ya Poeciliidae, lina mashauri ya namna hiyo kwa wingi. Ni familia ya Amerika, kuanzia Marekani hadi Argentina pamoja na visiwa vya Karibi, na sasa ina spishi zaidi ya 250. Wengi wao ni wadogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja, lakini wamewahangaisha wataalamu kuliko nyangumi.

Mwanzo: daktari wa Berlin

Utaratibu wa kumpa kila mnyama jina la maneno mawili kwa Kilatini ulianza rasmi kwa wanyama mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu cha Mswidi Carl Linnaeus. Wakati huo samaki wa familia hii walikuwa hawajulikani Ulaya. Aliyefungua mlango alikuwa Marcus Elieser Bloch, daktari Myahudi wa Berlin, ambaye alinunua na kupokea samaki kutoka kila bandari iliyokuwa na mfanyabiashara au mmisionari wa kumtumia. Alifariki mwaka 1799 kabla ya kumaliza kitabu chake kikuu. Johann Gottlob Schneider alikikamilisha na kukitoa mwaka 1801, kikiwa na spishi 1,519. Humo ndimo jenasi ya Poecilia ilimotajwa kwa mara ya kwanza, pamoja na Poecilia vivipara, samaki wa Amerika Kusini.

Baada ya hapo majina yalifuatana upesi. Mfaransa Charles Alexandre Lesueur alitangaza samaki aitwaye moli, mwenye pezi pana la mgongoni, mwaka 1821, kutokana na samaki wa New Orleans. Johann Jakob Heckel wa Vienna alimtangaza mwaka 1848 samaki mwenye mkia wa upanga, Xiphophorus hellerii, kwa heshima ya Karl Heller aliyemleta kutoka Mexico. Spencer Baird na Charles Girard walimtangaza mwaka 1853 samaki ambaye baadaye angesambazwa duniani ili ale viluwiluwi vya mbu.

Karibu wote hao waliwatambua samaki kutokana na maiti ndani ya spiriti. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Rangi nyekundu na ya machungwa hutoweka upesi katika pombe, na weusi ndio hubaki. Gapi dume, ambaye akiwa hai hung'aa mithili ya shanga zilizomwagwa, humfikia mtaalamu akiwa kipande cha rangi ya majani ya chai kikiwa na madoa machache meusi.

Majina matatu kwa samaki mmoja

Mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya Peters, Mwitaliano Filippo de Filippi alitangaza samaki wa Barbados na kumwita Lebistes poecilioides. Mwaka 1866 Albert Günther wa makumbusho ya London alipokea samaki kutoka Trinidad, waliotumwa na Robert John Lechmere Guppy, Mwingereza aliyekuwa mkaguzi wa shule kisiwani na mpenzi wa jiolojia. Günther akawaita Girardinus guppii. Wataalamu watatu, miji mitatu, majina matatu ndani ya miaka saba, na samaki ni yule yule.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na chupa chache mezani, barua zilikwenda kwa meli, na wanaume hao hawakuwa na njia rahisi ya kulinganisha vielelezo vyao. Kilichowaokoa waliokuja baadaye ni kwamba chupa zilihifadhiwa na mahali zilikotoka paliandikwa. Palipopatikana nafasi ya kulinganisha, ilidhihirika kuwa Caracas, Barbados na Trinidad zilikuwa zimetoa spishi moja. Kanuni ya kutangulia, iliyoandikwa Uingereza mwaka 1842 na kusimamiwa tangu 1895 na tume ya kimataifa ya majina ya wanyama, ikasema jina la kwanza lililochapishwa kihalali ndilo lenye haki. Peters akashinda. Bwana Guppy alishindwa kwenye vitabu, lakini jina lake lilibaki midomoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na huko halijaondoka.

Kinachofanyika mezani

Ili kuelewa kwa nini mashauri haya hurudi, inafaa kuisogelea kazi yenyewe. Samaki huvuliwa kwa wavu wa matundu madogo, na wakiwa bado hai hupigwa picha kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye maji ya kijito kile kile, kabla rangi hazijafa. Kisha hulazwa kwa dawa ya usingizi. Kipande cha pezi hukatwa na kuwekwa kwenye pombe safi kwa ajili ya DNA, kwa sababu formalini, ambayo hukaza mwili, huharibu vinasaba. Mwili wenyewe hukaa kwenye formalini kwa siku kadhaa, ukaoshwa, ukahamishiwa kwenye pombe ya asilimia 70, na huko unaweza kukaa karne nzima.

Kisha huanza kuhesabu. Urefu hupimwa kuanzia ncha ya mdomo hadi shina la mkia, bila pezi la mkia, kwa kuwa mkia huchanika. Magamba huhesabiwa chini ya hadubini, moja moja kwa ncha ya sindano, kufuata ubavu. Mifupa myembamba ya kila pezi huhesabiwa. Samaki wachache husafishwa kwa kemikali hadi nyama ikawa kama kioo, na mifupa ikapakwa rangi nyekundu ili ionekane yote mahali pake.

Lakini jicho la mtaalamu wa samaki wazaao hurudi sehemu moja daima: pezi lililo nyuma ya tundu la haja. Kwa jike ni pezi la kawaida. Dume akibalehe, mifupa ya tatu, ya nne na ya tano ya pezi hilo hurefuka, hunenepa na kuungana kuwa kiungo cha kupandia, kiitwacho gonopodiamu. Ncha yake ina kulabu, miiba na meno madogo ambayo hupangwa kwa namna yake katika kila kundi. Dume hukigeuza mbele, akaingiza mbegu mwilini mwa jike kwa kufumba na kufumbua. Jike huweza kuzihifadhi kwa miezi na kuzaa mara kadhaa bila kukutana na dume tena, ndiyo maana gapi mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo kwenye mtaro.

Mwisho, kielelezo kimoja huteuliwa kuwa kielelezo rasmi. Hupewa namba ya makumbusho, na jina hufungwa kwake. Wengine huwa mashahidi wa ziada. Maelezo yanaweza kuwa na makosa, michoro inaweza kuwa mibovu, lakini mzozo ukitokea wa jina hili ni la nani, jibu ni chupa moja yenye namba yake.

Kulabu na vitabu

Charles Tate Regan wa London ndiye aliyekifanya kiungo hicho cha dume kuwa msingi wa kupanga familia nzima. Katika mapitio yake ya mwaka 1913 aliwalinganisha samaki hawa kwa kulabu za ncha, badala ya umbo la mwili au meno peke yake. Mambo yaliyokuwa yamechanganyika kwa nusu karne yakaanza kutengana. Katika mapitio hayo hayo gapi alihamishiwa jenasi ya Lebistes, na kwa miaka 50 iliyofuata vitabu vyote vilimwita Lebistes reticulatus. Mwaka 1963 Donn Rosen na Reeve Bailey walitoa mapitio mapana kuliko yote yaliyotangulia, wakatumia gonopodiamu kwa undani zaidi pamoja na mifupa ya kichwa na mabega, na kumrudisha gapi alikoanzia: Poecilia reticulata, kama Peters alivyoandika.

Katikati ya miaka hiyo, samaki hawa walitoka kwenye chupa na kuingia maabara wakiwa hai, na hapo shauri likawa gumu zaidi. Huko Copenhagen, Johannes Schmidt, mtafiti yule yule aliyetafuta mazalio ya mikunga wa Ulaya baharini, alionyesha mwaka 1920 kwamba baadhi ya madoa ya gapi hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume tu. Mwenzake Øjvind Winge akaeleza sababu mwaka 1922: vinasaba vya madoa hayo vimo kwenye kromosomu Y. Kwa hiyo madume wawili wa mto mmoja wanaweza kutofautiana rangi kuliko samaki wa spishi mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti wa Marekani na Ujerumani, wakiwemo Myron Gordon na Curt Kosswig, walipandisha samaki wa mkia wa upanga na binamu yake plati. Watoto walizaliwa wakiwa hai na wenye afya, lakini baadhi yao waliota uvimbe mweusi wa saratani ya ngozi. Utafiti huo ulizaa kituo cha ufugaji ambacho hadi leo kipo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas, huko San Marcos. Kwa wapanga majina, somo lilikuwa jingine: kuzaana ndani ya tangi si ushahidi wa kutosha kwamba wazazi ni spishi moja.

Kisha mwaka 1932 Carl Hubbs na mkewe Laura walitangaza jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwa mnyama mwenye uti wa mgongo. Moli aitwaye Poecilia formosa, aliyepewa jina na Girard tangu 1859, hana madume. Majike hupandwa na madume wa spishi jirani, mbegu huamsha yai, lakini vinasaba vya dume haviingii kwa mtoto. Mabinti wote huwa nakala za mama. Utafiti wa jenomu uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kuwa ukoo huo ulitokana na mchanganyiko wa spishi mbili takriban miaka 100,000 iliyopita. Ukiambiwa spishi ni kundi la wanyama wanaozaana wenyewe kwa wenyewe, moli huyu anakataa maana hiyo. Hata hivyo ana jina, na jina linafanya kazi.

Rangi kama shahidi asiyeaminika

Mwaka 1937 Franklyn Bond alivua samaki wadogo wanaofanana na gapi katika Laguna de los Patos, karibu na Cumaná nchini Venezuela. Walihifadhiwa makumbusho na kusahaulika. Mwaka 1975 mwanabiolojia John Endler alifika pale pale, akawaona madume wenye mistari ya kijani ya metali na michirizi myeusi iliyokolea kuliko gapi wa kawaida. Rosen alikusudia kuwatangaza lakini hakuwahi kukamilisha. Samaki wakasambaa kwa wafugaji wakiitwa "samaki wa Endler", bila jina rasmi, kwa miaka 30.

Endler mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwa nini rangi ni shahidi wa kuogopwa. Katika vijito vya Trinidad, chini ya maporomoko ambako samaki wakubwa hula gapi, madume huwa wamefifia. Juu ya maporomoko, ambako maadui ni wachache, wanang'aa. Aliwahamisha, na ndani ya vizazi vichache rangi zikabadilika. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1980, na mpaka leo hufundishwa kama mfano wa uteuzi asilia unaoonekana kwa macho.

Kwa hiyo Fred Poeser, Michael Kempkes na Isaäc Isbrücker walipotangaza Poecilia wingei mwaka 2005, kwa samaki wa eneo la Campoma kwenye rasi ya Paria, na kumpa jina la Winge, wapo waliouliza kama rangi na tabia vinatosha. Mwaka 2009 timu ya Schories, Meyer na Schartl ikaongeza Poecilia obscura, gapi wa Mto Oropuche wa Trinidad, safari hii ikitegemea zaidi DNA. Watafiti wengine walikuwa wameshaona kuwa gapi wa Oropuche na wale wa Mto Caroni wako mbali kivinasaba, ingawa mito yao inatenganishwa na vilima tu, na kwamba wakipandishwa huzaa watoto wenye kasoro fulani. Je, hapo ni spishi mbili au mbari mbili? Wenye shauri hawajaafikiana, na samaki hao hao wamo kwenye chupa na kwenye kijito, yeyote akawaangalie.

Wakati mwingine DNA haileti jina jipya, inafufua la zamani. Mwaka 1863 Franz Steindachner wa Vienna alitangaza Poecilia thermalis. Jina hilo lilizama vitabuni kwa miaka 150. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa moli wa chemchemi za salfa za La Esperanza, jimbo la Chiapas, Mexico, wanaoishi ndani ya maji ambayo yangewaua samaki wengi, ndio hao wa Steindachner. Hawakuhitaji kubuni chochote. Waliurudia ushahidi wa zamani.

Jina likichelewa

Haya yote yasingekuwa na uzito kama yangeishia kwenye majarida. Lakini jina likikosewa, mto hulipa. Samaki wa mbu alipopelekwa Hawaii mwaka 1905, na baadaye Ulaya na Australia, alichukuliwa kuwa spishi moja. Mwaka 1988 ilithibitika kuwa ni mbili: Gambusia affinis na Gambusia holbrooki. Waliosambazwa sehemu kubwa ya Ulaya, na Australia pia, walikuwa holbrooki. Wote wawili hula mayai na vifaranga vya samaki wenyeji na kuwatafuna mapezi, ila kuwadhibiti kunahitaji kujua unapambana na nani. Gapi naye alisambazwa kwa kazi hiyo hiyo ya kula viluwiluwi vya mbu, na leo yumo katika maji ya Kenya.

Upande wa pili kuna jina linalochelewa kuja. Chemchemi ya Goodenough, Texas, ilifunikwa na maji ya bwawa la Amistad mwaka 1968. Ndani yake aliishi Gambusia amistadensis, ambaye alitangazwa rasmi mwaka 1973, makazi yake yakiwa tayari chini ya bwawa. Waliofugwa nao wakapotea, na mwaka 1987 akatangazwa kuwa ametoweka. Linganisha na Gambusia gaigei wa Big Bend, jimbo hilo hilo, aliyetangazwa mwaka 1929. Mwaka 1956 walibaki watatu: madume wawili na jike mmoja. Walijulikana, walikuwa na jina, wakakamatwa na kuzalishwa, na mwaka 1967 wakaingia kwenye orodha ya kwanza ya Marekani ya wanyama walio hatarini. Wapo mpaka leo, wote ni uzao wa watatu hao.

Kazi haijaisha. Mwaka 2020 spishi mbili mpya za jenasi ya Limia zilitangazwa kutoka Ziwa Miragoâne la Haiti, ziwa dogo lenye samaki wazaao wasiopatikana kwingine; mmoja wao, Limia islai, wafugaji walikuwa wakimfuga kabla ya sayansi kumtambua.

Na sisi?

Afrika Mashariki haina Poeciliidae wa asili wanaozaa, lakini imo ndani ya shauri hili. Mwaka 1898 George Boulenger wa London alitangaza samaki wa Ziwa Tanganyika anayejulikana sasa kama Lamprichthys tanganicanus, mwenye madoa ya buluu yanayomeremeta ubavuni, anayetaga mayai yake kwenye nyufa za miamba. Mwaka 1981 Lynne Parenti alimweka yeye na jamaa zake wa Afrika ndani ya familia ya Poeciliidae. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya karibuni umewatoa tena na kuwapa familia yao. Iwe ndani au nje, jamaa hao wanaotaga ni kipimo cha swali kubwa: kuzaa watoto hai kulianzaje kwa binamu zao wa Amerika?

Kielelezo rasmi cha samaki huyo kiko London. Cha samaki wa madimbwi wa Unguja, Nothobranchius guentheri, kilielezwa na Georg Pfeffer wa Hamburg mwaka 1893. Vya Peters viko Berlin. Mtafiti wa Kigoma au Morogoro anayetaka kuhakiki jina la samaki aliyemvua nyuma ya nyumba yake hulazimika kuandika barua Ulaya au kupanda ndege. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika 2014, umezipa nchi sauti juu ya viumbe vinavyotolewa kwao, lakini mkataba haujengi chumba chenye rafu, pombe ya kutosha na mtu anayelipwa kubadilisha spiriti inapokauka. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyo wa samaki. Mikusanyo kama hiyo inahitajika pande zote za maziwa makuu, na spishi zinazotangazwa kutoka huku ziache angalau sehemu ya vielelezo vyake huku.

Samaki wa Peters alihamishwa jenasi bila idhini ya Peters, kisha jina la kwanza likarudi. Regan alisahihishwa na Rosen. Majina ya 2005 na 2009 bado yanapimwa. Hakuna kati yao aliyepungukiwa heshima kwa hilo, kwa sababu kila mmoja alisema samaki wake alitoka wapi na yuko kwenye chupa gani. Anayetangaza spishi hatakiwi kuwa msemaji wa mwisho. Anatakiwa aache ushahidi wa kutosha, mahali panapofikika, ili atakayekuja baada yake aweze kumpinga kwa hoja bila kubahatisha.